"RAM imejaa": historia ya hesabu moja ya Linux iliyosomwa vibaya zaidi ya miaka ishirini

Mwezi wa tatu redio yetu ilikaribia kutoa dola 35 kwa kitu ambacho haikukihitaji. Kompyuta tunayokatia na kupangia sauti kabla ya habari za jioni ilikuwa imeanza kuchoka. Ukifungua mahojiano ya dakika arobaini, unaweza kwenda kunywa chai na kurudi kabla hayajafunguka. Mashine yenyewe ina giga 4 za RAM na inatumia Linux, kwa sababu Linux hailipiwi leseni na virusi vinavyoletwa na flashi za watu havijaisumbua.

Fundi tuliyemwita alifungua dirisha la amri, akaandika neno moja tu, free, akaweka kidole kwenye kioo. "Mukubwa, ona mwenyewe. RAM imejaa. Kwa mega 3800 imebaki 190." Ni asilimia tano. Nani angebisha? Zile dola 35 zilikuwa zimechangwa na kilabu cha wasikilizaji kwa ajili ya mikro mpya, na mimi ndiye niliyepaswa kwenda kuwaeleza akina mama na wazee wa kilabu kwamba mikro itangoja, feza zinakwenda kwenye RAM. Niliomba usiku mmoja kwanza. Mtu hawezi kwenda mbele ya watu waliochanga franga zao na kuwaeleza jambo ambalo yeye mwenyewe halielewi.

Nilichokikuta usiku ule ni historia ndefu, na fundi wetu si wa kwanza kunaswa ndani yake. Wamenaswa wahandisi wa makampuni makubwa pia.

Tuanze na jambo lililo chini ya yote: RAM ina mbio, diski ni mzito. Diski ya kuzunguka huchukua kiasi cha milisekunde 10 kufikia kitu, RAM huchukua sehemu ndogo sana ya hapo, kama mara laki moja chini. Kama kufikia kitu ndani ya RAM kungechukua sekunde moja, kukifuata kwenye diski kungechukua siku nzima na masaa matatu au manne juu yake. Lakini RAM ilikuwa ghali tangu mwanzo na haikutosha kamwe. Kwa hiyo historia yote ya kumbukumbu za kompyuta ni historia ya kupunja: namna ya kufanya kumbukumbu ndogo ionekane kubwa, na diski nzito ionekane nyepesi.

Hila ya kwanza ilionekana Manchester, Uingereza, kwenye mashine iliyoitwa Atlas, iliyozinduliwa mwaka wa 1962. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa ndogo, na karibu yake kulikuwa na ngoma ya sumaku iliyozunguka, pana lakini nzito. Wahandisi waliigawa kumbukumbu katika kurasa, mashine yenyewe ikawa inahamisha kurasa kutoka ngoma kwenda kumbukumbu na kurudi, bila mwandishi wa programu kujishughulisha. Programu iliamini ina nafasi kubwa. Tangu siku ile, swali "programu hii inatumia kumbukumbu kiasi gani?" halina tena jibu moja, kwa maana nafasi ambayo programu inaamini inayo na nafasi inayoikalia kweli vimekuwa vitu viwili.

Hila ya pili inakwenda upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakijenga Unix katika maabara za Bell huko Marekani, waliweka sehemu ya kumbukumbu itunze nakala za vipande vya diski vilivyosomwa karibuni. Ukivihitaji tena, havifuatwi diskini, viko mkononi. Watu waliiita kashe. Fikiria meza ya studio. Umetoa kanda tano kwenye kabati, umemaliza nazo, lakini huzirudishi haraka, unaziacha mezani kwa sababu saa moja baadaye utaitaka moja. Meza inaonekana imejaa. Akija mtu na kazi mpya unazisukuma pembeni kwa sekunde mbili. Je, meza hiyo imejaa au iko wazi?

Fundi wetu alisema imejaa.

Sasa twende Helsinki. Mwezi wa kwanza mwaka wa 1991 mwanafunzi Linus Torvalds alinunua kompyuta yenye chipu ya 386 na mega 4 za RAM. Ndiyo, mega, si giga. Mashine yetu ya redio, ambayo watu wanaicheka, ina RAM karibu mara elfu moja ya ile. Mwezi wa nane alitangaza kwamba anaandika mfumo wake mdogo, mwezi wa tisa akatoa toleo la kwanza, 0.01. Kabla ya mwaka kuisha, mtu mmoja wa Ujerumani alimwandikia. Huyo alikuwa na mega 2 tu, na kwa mega 2 hakuweza kuijenga Linux kutoka maandishi yake, maana programu ya kuijengea ilikuwa nzito kuliko nafasi aliyokuwa nayo.

Torvalds angeweza kumjibu anunue RAM. Badala yake, siku za Krismasi, alikaa akaandika sehemu ya kuhamishia kurasa kwenye diski pale RAM inapokwisha. Ilitoka na toleo la 0.12 mwezi wa kwanza 1992. Minix, mfumo ambao wanafunzi wengi walikuwa wakiutumia wakati ule, haukuwa na kitu hicho, na Torvalds mwenyewe ameeleza baadaye kwamba hapo ndipo Linux ilianza kuvuta watu kutoka Minix. Mimi napenda sehemu hii ya hadithi kuliko zote. Mfumo ambao leo unaendesha seva za dunia ulipata nguvu zake kwa sababu ya mtu aliyekuwa na mashine maskini. Sisi wa mashine za mtumba tunamdai asante yule Mjerumani.

Kashe nayo iliingia Linux mapema. Mwanzoni ilikuwa na kipimo maalum, kisha ikaachwa ikue na kupungua yenyewe: RAM yoyote ambayo programu hazijaiomba inajazwa nakala za faili, na programu ikiomba nafasi, nakala hizo zinatupwa mara moja bila hasara, kwa kuwa asili yake iko diskini. Wazo ni hili: RAM iliyokaa tupu ni RAM uliyoinunua bure. Toleo la 2.4, lililotoka mwezi wa kwanza 2001, liliunganisha kashe mbili zilizokuwa zikitunza mara nyingine kitu kilekile mara mbili. Kazi nzuri, wala hakuna aliyelalamika juu ya kazi yenyewe.

Malalamiko yalikuja juu ya hesabu.

Linux ina desturi iliyotoka kwenye Unix ya Bell, ambako Tom Killian mwaka wa 1984 alionyesha kwamba mfumo unaweza kutoa habari zake za ndani kana kwamba ni faili za kawaida. Kwa hiyo kuna faili inayoitwa /proc/meminfo. Haiko diskini hata kidogo. Ukiifungua, kiini cha Linux kinaiandika palepale. Amri ya free inasoma faili hiyo na kuipanga katika safu. Na kwa miaka mingi ilipanga hivi: mstari wa kwanza ulionyesha jumla, iliyotumika na iliyo tupu, na ndani ya "iliyotumika" kashe yote ilihesabiwa. Mashine iliyowashwa asubuhi, ikifika saa sita, ilionyesha karibu RAM yote imetumika, hata kama mtu alifungua programu mbili tu. Chini yake palikuwa na mstari wa pili wenye jina la ajabu, "-/+ buffers/cache", na huo ndio uliokuwa na jibu: iliyotumika ukitoa kashe, na tupu ukiongeza kashe. Lakini nani anasoma mstari wenye alama ya kutoa na kujumlisha mwanzoni? Jicho linakwenda juu, linaona 95 kwa 100, moyo unaruka.

Matokeo yake yalikuwa mengi. Watu walinunua RAM. Watu walizimisha na kuwasha seva kila usiku. Na mwaka wa 2006, toleo la 2.6.16 lilipoleta kitufe cha kutupa kashe yote kwa mkono, drop_caches, kilichowekwa kwa ajili ya majaribio na vipimo, wengi walikigeuza dawa. Waliandika saa ya kukibonyeza kila baada ya muda fulani, wakaona safu ya "free" inapanda, wakafurahi. Kumbe walikuwa wanafagia kanda zote kutoka mezani na kuzitupa kabatini, kisha wafanyakazi wanarudi kabatini kuzitafuta moja moja. Mashine inakuwa nzito zaidi, namba inakuwa nzuri zaidi. Ninayo shaka kwamba hata leo kuna seva zenye dawa hiyo, iliyoachwa na fundi ambaye alishahama zamani.

Waliokuwa wanajua walijibu kwa kanuni ya mkato: chukua iliyo tupu, jumlisha na kashe, hiyo ndiyo nafasi yako. Na hapa hadithi inapinda, maana kanuni ya wajuzi nayo ilikuja kuwa ya uongo.

Kadiri miaka ilivyopita, mambo mengine yalianza kuhesabiwa ndani ya safu ya kashe bila kuwa kashe ya kutupwa. Kuna nafasi ambayo programu kadhaa zinagawana kuandikiana, kama zinavyofanya programu kubwa za kutunza takwimu. Kuna folda zinazoishi ndani ya RAM peke yake, tmpfs, ambazo mifumo mingi inazitumia kwa faili za muda. Vitu hivyo havina asili diskini, ukivitupa vimepotea. Linux haiwezi kuvitupa hivyo, inaweza tu kuvihamishia kwenye nafasi ya diski ya kubadilishana, kama ipo. Upande wa pili, kiini chenyewe kina kumbukumbu zake ndogondogo, kwa mfano majina ya faili na folda, ambazo sehemu yake inaweza kuachiliwa lakini haimo katika safu ya kashe. Ukijumlisha tupu na kashe, umeongeza kisichofaa na umeacha kinachofaa.

Rik van Riel, Mholanzi aliyeifanyia kazi kumbukumbu ya Linux kwa miaka mingi na wakati ule alikuwa Red Hat, ndiye aliyeandika marekebisho. Hoja yake ilikuwa ya moja kwa moja: programu nyingi zinakadiria nafasi kwa kujumlisha tupu na kashe, jambo hilo lilikuwa sawa miaka kumi iliyopita, sasa ni kosa karibu kwa uhakika. Na si haki kumtaka kila mwandishi wa programu ajue matumbo ya kiini, ambayo yenyewe yanabadilika. Kiini kinajua, kiini kiseme. Toleo la 3.14, lililotoka mwisho wa mwezi wa tatu 2014, likaongeza mstari mmoja ndani ya /proc/meminfo: MemAvailable, yaani kumbukumbu inayopatikana.

Namna inavyopigwa hesabu inaonyesha uangalifu. Inaanza na iliyo tupu, inatoa akiba ambayo kiini hujiwekea kwa dharura, inaongeza kashe ya faili lakini si yote, kwa sababu mashine isiyobakiwa na kashe kabisa itakwama ikisoma diski mfululizo, kisha inaongeza sehemu ya kumbukumbu za kiini zinazoweza kuachiliwa, nazo si zote. Ni makadirio, na walioiandika hawakuficha kwamba ni makadirio. Inajibu swali ambalo watu walikuwa wanalo tangu mwanzo: nikifungua programu nyingine sasa hivi, nitapata kiasi gani bila mashine kuanza kuhamishia kurasa diskini?

Mwaka uleule, toleo la 3.3.10 la procps-ng, mkoba wa amri ambamo free imo, liliufuta ule mstari wa "-/+", likaitoa kashe kutoka safu ya "used" na kuipa safu yake, na mwisho kulia likaweka safu mpya, "available". Katika matoleo ya 4 ya mkoba huo wameendelea mbele: "used" sasa ni jumla ukitoa available. Kwa hiyo amri moja, mashine mbili zenye mifumo ya miaka tofauti, zinaweza kukupa "used" tofauti kwa hali ileile. Tahadhari ukilinganisha.

Nimezungumza juu ya mashine nzima. Kwa programu moja moja vita vilikuwa vingine. Ukifungua top utaona safu inayoitwa RES, kurasa ambazo programu inazikalia ndani ya RAM. Jumlisha safu hiyo kwa programu zote na mara nyingine unapata zaidi ya RAM uliyonayo. Si muujiza. Programu nyingi zinatumia maktaba zilezile, na Linux inaweka nakala moja tu. Maktaba ya mega 12 inayotumiwa na programu nne inahesabiwa 12 kwa kila moja, jumla 48, wakati RAM imetoa 12 tu. Ni kama familia nne zinazoishi nyumba moja, kila moja ikimwambia mwandikishaji "tuna nyumba", naye akaandika nyumba nne.

Mwaka wa 2008, toleo la 2.6.25 lilileta hesabu iliyoandikwa na Fengguang Wu: gawanya kilichogawanwa. Kila programu kati ya zile nne inaandikiwa mega 3, na jumla inarudi kuwa 12. Inaitwa PSS. Mwaka uliofuata Matt Mackall alitoa programu ndogo, smem, inayoipanga vizuri pamoja na safu nyingine, USS, kumbukumbu ambayo ni ya programu hiyo peke yake. Kwa mtu wa mashine ndogo, USS ndiyo inayosema ukweli anaoutaka: nikiifunga hii, nitarudishiwa kiasi gani? Huku kwetu, kivinjari chenye kurasa kumi na mbili wazi ndicho kinachoshinda kila mara, hakuna haja ya kuhoji.

Kwa ajili ya wenzangu wa mashine ndogo niseme pia kwamba toleo lile la 3.14 la mwaka wa 2014 ndilo lililoipokea rasmi zram, ambayo inakunja kurasa zisizotumika ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzipeleka diskini. Na mwisho wa mwaka wa 2018, toleo la 4.20 lilileta kazi ya Johannes Weiner wa Facebook, iliyoacha kuuliza "kiasi gani kimebaki" na kuuliza "kazi zimesimama kwa muda gani zikingoja kumbukumbu". Ukiandika cat /proc/pressure/memory unaona asilimia ya muda uliopotea. Kama ni sifuri, RAM haina kosa.

Basi asubuhi iliyofuata nilirudi kwenye mashine yetu. Free ilisema: jumla 3800, used 1350, free 190, buff/cache 2260. Na kulia kabisa, safu ambayo kidole cha fundi hakikufika: available, 2150. Zaidi ya nusu ya RAM ilikuwa inapatikana. Nafasi ya kubadilishana diskini ilikuwa haijaguswa. Niliandika vmstat 2, nikafungua yale mahojiano ya dakika arobaini, nikaangalia: safu za si na so, zinazoonyesha kurasa zinazoingia na kutoka diskini, zilikaa sifuri, lakini safu ya wa, muda ambao mashine inangoja diski, ilipanda hadi zaidi ya 60 na kukaa huko. Tulipoikagua diski yenyewe tukaona vipande vyake vilivyokwisha kufa vinaongezeka. Ilikuwa inakufa, na ndani yake kulikuwa na sauti za miaka sita, pamoja na za wazee ambao hawapo tena.

Fundi hakukasirika nilipomwonyesha. Alivuta kiti, akasoma safu zote mara mbili, akauliza mstari wa "-/+" ulikwenda wapi, kwa sababu yeye alifundishwa na huo. Siku ileile alitusaidia kunakili sauti zote kwenye diski ya nje kabla ya jambo lolote lingine. Kilabu kilikubali feza zitumike kununua diski mpya isiyozunguka ya giga 120, dola 28 hapa mjini, na dola 7 zilirudi kwenye daftari la mikro.

Mahojiano sasa yanafunguka kabla hujanyanyua kikombe. Jana jioni, dakika tano kabla ya habari, free ilionyesha imebaki mega 174, na hakuna aliyeshtuka.